pgloader: inahamisha data vizuri, inaeleza makosa vibaya

Anayetaka kuihama MySQL au MariaDB na kuingia PostgreSQL bila kulipa senti, jina la kwanza atakalotajiwa ni pgloader. Ni programu huria ya Dimitri Fontaine, mchangiaji wa siku nyingi wa PostgreSQL. Ilianza kwa lugha ya Tcl, toleo la 2 likawa la Python, kisha toleo la 3 likaandikwa upya kwa Common Lisp. Leseni yake ni ile ile ya PostgreSQL: itumie utakavyo, hakuna wa kukudai. Mbali na MySQL inasoma SQLite, SQL Server, Redshift, PostgreSQL yenyewe, na mafaili ya CSV na DBF. Oracle haimo; mwenye Oracle aende moja kwa moja kwenye Ora2Pg.

Hapa tunaipima kwenye njia moja tu, ile inayopitiwa na wengi: MySQL kwenda PostgreSQL, kwa matoleo ya mfululizo wa 3.6. Tathmini yenyewe kwa kifupi ni hii: kazi ya kusafirisha data inaifanya kwa kiwango cha juu, na kwa hifadhidata ya ukubwa wa kawaida ni vigumu kupata kifaa cha bure kinachoishinda. Lakini inapokwama kuunganisha, ujumbe inaoutoa mara nyingi haumsaidii mtu, na mchana mzima unaweza kuishia kwenye kosa ambalo lingeelezwa kwa sentensi moja. Tena ile amri ya mstari mmoja inayosifiwa kila mahali inafaa kwa majaribio tu. Kazi ya kweli inahitaji faili la maagizo.

Amri yenyewe ni hii:

```
pgloader mysql://duka:siri@127.0.0.1/duka pgsql://duka:siri@127.0.0.1/duka
```

Ukiibonyeza, pgloader inasoma muundo wa majedwali kutoka MySQL, inayaunda upande wa PostgreSQL, inamwaga rekodi kwa itifaki ya COPY, inajenga indeksi kadhaa kwa wakati mmoja, inaweka funguo za msingi na za kigeni, kisha inasogeza sikwensi (vihesabio vinavyotoa namba za rekodi mpya) zifikie namba ya mwisho ya kila jedwali. COPY ndiyo siri ya kasi yake. Badala ya maelfu ya INSERT, rekodi zinakwenda kwa mafungu, kwa kawaida 25,000 kwa fungu. PostgreSQL ikikataa fungu kwa sababu ya rekodi moja mbovu, pgloader ina uwezo wa kulirudia, kuichomoa ile mbovu na kuendelea na nzima. Uwezo huo haupo kwenye skripti nyingi za kujitungia.

Kuisakinisha kwenye Debian au Ubuntu ni `sudo apt install pgloader`. Angalia toleo kwa `pgloader --version` kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu itakayofuata sasa hivi.

Kuunganisha: hapa ndipo muda unapoliwa

Usiilaumu pgloader kabla hujajaribu pande zote mbili kwa programu zake zenyewe, ukiwa kwenye mashine ile ile itakayoendesha pgloader:

```
mysql -h 127.0.0.1 -P 3306 -u duka -p duka -e 'SELECT 1'
psql "host=127.0.0.1 port=5432 user=duka dbname=duka" -c 'SELECT 1'
```

Andika 127.0.0.1, si localhost. Programu ya mysql ikiambiwa localhost inapita kwenye soketi ya Unix, haigusi mtandao kabisa, kwa hiyo jaribio linafaulu huku njia ya TCP imefungwa.

Aina ya kosa inakuonyesha pa kutafuta. "Connection refused" maana yake mashine imepatikana ila hakuna anayesikiliza kwenye poti ile: aidha seva imezimwa, au inasikiliza anwani ya ndani pekee. Upande wa MySQL angalia `bind-address`, upande wa PostgreSQL angalia `listen_addresses`, ambayo isipoguswa huwa ni 'localhost'. Ukiibadilisha hiyo ya pili lazima uwashe upya seva. Kupakia upya mipangilio hakutoshi. Muunganisho ukining'inia hadi muda uishe, mara nyingi ni ukuta wa moto njiani au kwenye jopo la mwenye seva. Ukipata "no pg_hba.conf entry for host", basi umefika, mlango upo, ila jina lako halimo kwenye orodha. Ongeza mstari kwenye pg_hba.conf (kwenye Ubuntu yenye PostgreSQL 16 ni `/etc/postgresql/16/main/pg_hba.conf`) kisha `SELECT pg_reload_conf();`.

Haya yote ni ya kawaida kwa hifadhidata yoyote. Yanayofuata ni ya pgloader yenyewe.

La kwanza na la mara nyingi zaidi:

```
Condition QMYND:MYSQL-UNSUPPORTED-AUTHENTICATION was signalled.
```

Nywila haijakosewa. MySQL 8 ilibadilisha njia yake ya kawaida ya uthibitisho kuwa `caching_sha2_password`, na maktaba ambayo pgloader ya apt huitumia kuzungumza na MySQL haiielewi. Dawa ni mtumiaji wa muda anayetumia njia ya zamani, mwenye ruhusa ya kusoma tu:

```
CREATE USER 'hamisha'@'localhost'
  IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY 'nywila-ndefu';
GRANT SELECT, SHOW VIEW ON duka.* TO 'hamisha'@'localhost';
```

Ikiwa seva imewekewa `skip_name_resolve`, 'localhost' haitalingana na muunganisho wa TCP unaotoka 127.0.0.1, mtengeneze pia 'hamisha'@'127.0.0.1'.

Dawa hiyo inazidi kuchakaa. Kwenye MySQL 8.4 ya mwaka 2024, `mysql_native_password` ipo lakini imezimwa; inabidi uandike `mysql_native_password=ON` chini ya `[mysqld]` na kuwasha upya. Kwenye 9.0 imeondolewa kabisa. Aliyeko 9 anahitaji daraja: toa bekapu kwa mysqldump, irudishe kwenye kontena la MySQL 8.0, na pgloader isome kutoka humo.

```
docker run -d --name daraja -e MYSQL_ROOT_PASSWORD=siri \
  -p 3308:3306 mysql:8.0 \
  --default-authentication-plugin=mysql_native_password
```

MariaDB pia inaweza kuwa daraja, na watumiaji wake wa kawaida hawana tatizo hili la uthibitisho. Ila matoleo yake ya zamani hayaijui kolesheni (kanuni ya kulinganisha na kupanga herufi) `utf8mb4_0900_ai_ci` ya MySQL 8, kwa hiyo bekapu itagoma hadi uibadilishe kwa sed kuwa `utf8mb4_unicode_ci`. Kontena la MySQL 8.0 lina usumbufu mdogo.

La pili ni hili, ambalo linastahili tuzo ya ujumbe usiosema kitu:

```
10 fell through ECASE expression.
Wanted one of (0 2 3 4 5 6 7 8).
```

Anayekutana nalo mara ya kwanza hudhani programu imeharibika. Maana yake ni nyepesi. PostgreSQL inapoomba uthibitisho hutuma namba ya aina ya uthibitisho inaoutaka, na 10 ni ile familia ya SASL ambamo SCRAM-SHA-256, njia mpya ya kuthibitisha nywila, imo. PostgreSQL 14 ilifanya SCRAM kuwa njia ya kawaida ya kuhifadhi nywila, na pgloader za zamani, kama 3.6.1 inayokuja na Ubuntu 20.04, hazina namba hiyo kwenye orodha yao. Suluhisho safi ni kupata toleo jipya, kwa kontena au kwa kulijenga kutoka msimbo wake. Suluhisho la haraka ni kurudi MD5, njia ya zamani, kwa mtumiaji mmoja wa muda:

```
SET password_encryption = 'md5';
ALTER ROLE hamisha PASSWORD 'nywila-ndefu';
```

kisha mstari wake kwenye pg_hba.conf uandikwe `md5`. Zingatia mpangilio: kubadilisha pg_hba peke yake hakusaidii, kwa sababu nywila iliyokwisha kuhifadhiwa kwa SCRAM itaendelea kudai SCRAM hata mstari ukisema md5. Lazima nywila iwekwe upya. PostgreSQL 18 nayo imeanza kuonya kwamba MD5 inaondoka, hivyo usijenge mazoea juu yake.

Kisha nywila zenye alama. Programu nyingi zinataka `@` iandikwe `%40` ndani ya anwani ya muunganisho. pgloader ina utaratibu wake: alama hiyo inarudiwa mara mbili, `@@`. Nywila `Pwani@2024` inaandikwa `Pwani@@2024`. Anayeweka %40 atapata kosa la nywila na kubaki akikodoa macho. Njia nzuri zaidi ni kutoiandika kabisa: upande wa PostgreSQL tumia PGPASSWORD au faili la `~/.pgpass`, upande wa MySQL tumia MYSQL_PWD. Hapo nywila haibaki kwenye historia ya terminali pia.

Wanaoendesha pgloader ndani ya Docker wakumbuke kwamba 127.0.0.1 ndani ya kontena ni kontena lenyewe, si kompyuta yako. Kwenye Linux weka `--network host`. Kwenye Mac na Windows andika `host.docker.internal`. Kwa hifadhidata zilizokodishwa mtandaoni zenye cheti ambacho mashine yako haikitambui kuna `--no-ssl-cert-verification`. Ni ya kujaribia. Usivushe data za wateja juu ya intaneti kwa namna hiyo.

Na ikiwa PostgreSQL yako iko nyuma ya PgBouncer au kifaa kingine cha kugawana miunganisho kwa kila muamala, kipite. pgloader huweka mipangilio ya kikao na kutegemea ibaki. Kikao kikigawiwa mtu mwingine katikati, utaona makosa yasiyo na mpangilio. Tumia poti ya moja kwa moja.

Kwa MySQL iliyoko kwenye hosti ya pamoja, ile ya cPanel ambayo biashara nyingi ndogo hukaa, usifungue poti 3306 kwa dunia nzima. Kama una SSH, pitisha njia ya chini kwa chini:

```
ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@seva-ya-zamani
```

na pgloader iambiwe 127.0.0.1:3307. Kama huna SSH, shusha bekapu na uisimamishe kwenye kontena lako. Kwa kweli hata mwenye SSH anashauriwa hivyo ikiwa mtandao unakatika, maana pgloader haiendelei ilipoishia. Ikikatika kwenye asilimia 90, unaanza moja.

Faili la maagizo

Hii ndiyo sehemu inayoipa pgloader thamani yake. Badala ya mstari mmoja unaandika faili, tuseme `duka.load`, na kuliendesha kwa `pgloader duka.load`. Mfano unaofaa kwa mfumo wa kawaida wa mauzo:

```
LOAD DATABASE
     FROM mysql://hamisha@127.0.0.1:3307/duka
     INTO pgsql://hamisha@127.0.0.1:5432/duka_mpya

WITH include drop, create tables, create indexes,
     reset sequences, foreign keys,
     preserve index names,
     workers = 4, concurrency = 1,
     prefetch rows = 10000, batch rows = 5000

SET PostgreSQL PARAMETERS
     timezone to 'Africa/Dar_es_Salaam',
     maintenance_work_mem to '512MB'

SET MySQL PARAMETERS
     net_read_timeout = '600',
     net_write_timeout = '600'

CAST type tinyint to smallint drop typemod,
     type datetime to timestamptz drop default drop not null
          using zero-dates-to-null

ALTER SCHEMA 'duka' RENAME TO 'public'
;
```

Tuanze na la hatari. `include drop` inafuta kila jedwali la upande wa PostgreSQL lenye jina linalofanana, tena kwa CASCADE, yaani na vyote vinavyolitegemea. Kwenye hifadhidata tupu ni msaada, kwa kuwa unaweza kurudia zoezi mara nyingi utakavyo. Kwenye hifadhidata ambayo tayari ina kazi za watu ni balaa. Lengo liwe hifadhidata mpya daima.

Mstari wa mwisho, `ALTER SCHEMA`, unazuia mkanganyiko wa kwanza wa kila mgeni: anaendesha pgloader, inasema imemaliza, anafungua `\dt` au programu yake, na majedwali hayaonekani. Yapo. pgloader huyaweka ndani ya skima (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata) yenye jina la hifadhidata ya MySQL, si ndani ya public. Ukiyapeleka public kwenye PostgreSQL 15 au zaidi, mtumiaji wako lazima apewe ruhusa ya kuunda humo, vinginevyo utapata "permission denied for schema public". Toleo la 15 liliiondoa ruhusa hiyo kwa watu wote:

```
GRANT USAGE, CREATE ON SCHEMA public TO hamisha;
```

Kisha `tinyint`. pgloader ikiachwa hugeuza tinyint(1) kuwa boolean, na kanuni yake ni fupi: 0 ni uongo, kingine chochote ni kweli. Sasa fikiria safu ya `hali` ambayo mwandishi wa mfumo aliitumia kwa 0 inasubiri, 1 imelipwa, 2 imerudishwa, 3 imefutwa. Vyote hivyo kuanzia 1 vinakuwa "kweli", bila onyo, bila rekodi kukataliwa, bila kosa lolote kwenye muhtasari. Huu ndio upotevu wa data ulio mbaya kuliko yote ambayo kifaa hiki kinaweza kukusababishia, na kinakusababishia kwa mipangilio yake ya kawaida. Kabla ya kuhama, kwa kila safu ya aina hiyo:

```
SELECT hali, COUNT(*) FROM oda GROUP BY hali;
```

Ukiona zaidi ya 0 na 1, safu hiyo ibaki smallint. Faili la juu linazifanya zote smallint, kisha unazigeuza zilizo boolean za kweli moja moja baadaye. Ni kazi zaidi, lakini inarekebishika.

Tarehe nazo zina mtego wao, na kwetu mtego huo una sura ya saa tatu. MySQL huhifadhi `datetime` kama ilivyoandikwa, bila majira. pgloader huipeleka `timestamptz`, na PostgreSQL hulazimika kuamua saa hiyo ni ya wapi; huamua kwa majira ya kikao. Seva nyingi za kukodi ziko UTC. Mauzo yaliyoandikwa saa 14:00 za Dar es Salaam au Nairobi yanaingia kama 14:00 UTC, na programu inayoonyesha saa za hapa itayasoma 17:00. Kwa kuwa Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa misimu, kosa linakuwa sawa kwa kila rekodi, hivyo ripoti zinaonekana zina mantiki mpaka mtu wa hesabu alinganishe mauzo ya usiku na siku inayofuata. Mstari wa `timezone` kwenye faili unalimaliza hilo. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo weka majira yao ya +2. Aina ya `timestamp` ya MySQL ni kesi nyingine: yenyewe hukaa UTC na hugeuzwa kwa majira ya kikao cha MySQL wakati wa kusomwa, kwa hiyo hakikisha pande mbili zinasema majira yale yale. `SELECT @@session.time_zone;` itakuambia upande wa kwanza unasema nini.

Zile tarehe za `0000-00-00` ambazo PostgreSQL haizikubali hugeuzwa kuwa NULL. Safu ikiwa na NOT NULL, NULL hiyo itagoma. Ndiyo sababu ya `drop not null` kwenye faili.

`preserve index names` inahitajika kwa anayetumia Laravel, Rails au mfumo mwingine unaofuatilia majina ya indeksi. Bila hiyo pgloader huyabadilisha kwa kuyatanguliza `idx_` na namba, na siku utakapoendesha mabadiliko ya muundo yanayofuta indeksi kwa jina, jina halipo.

Kuhusu herufi kubwa: pgloader huzigeuza zote kuwa ndogo, hivyo `tareheMalipo` inakuwa `tarehemalipo`. Kwa programu za PHP za zamani hilo ni jema. Kwa zile za Node zilizotumia Sequelize au Prisma na majina ya ngamia, yenye herufi kubwa katikati, kila swali litavunjika. Hao waongeze `quote identifiers` kwenye WITH.

Inapokwama katikati

"Heap exhausted, game over." ni Lisp imeishiwa kumbukumbu. Hutokea kwenye majedwali yenye maandishi marefu au picha zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, kwa sababu pgloader huvuta rekodi 100,000 mbele kwa kawaida, bila kujali kila rekodi ina uzito gani. Punguza `prefetch rows` hadi 10,000, au hata 1,000 kwa jedwali la picha, na `batch rows` vivyo hivyo. Isipotosha, jenga pgloader mwenyewe kwa `make DYNSIZE=8192 pgloader`. Kuongeza `workers` hakusaidii hapa, kunazidisha.

`invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x00` ni baiti tupu ndani ya maandishi. MySQL inaihifadhi, PostgreSQL haiitaki. Kwa kawaida pgloader huichuja, lakini ukijiandikia CAST (agizo la kubadilisha aina ya safu) bila kichujio, umekiondoa. Ongeza `using remove-null-characters` kwenye CAST yako.

Usimbaji mbovu unajificha zaidi kwetu kuliko kwingine. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tu, kwa hiyo jedwali la latin1 lililojazwa UTF-8 litaonekana zima kabisa mpaka ufike kwenye jina la mteja wa Bujumbura au Lubumbashi lenye é, au alama ya ritifaa iliyopinda aliyoibandika mtu kutoka Word kwenye "ng’ombe". Tafuta rekodi hizo makusudi upande wa MySQL, zione zilivyo, na jedwali husika liongezee agizo hili kabla ya ALTER SCHEMA:

```
DECODING TABLE NAMES MATCHING ~/wateja/ AS utf8
```

Funguo za kigeni zikishindwa mwishoni, data imeingia lakini uhusiano haupo. Chanzo ni yatima: bekapu iliyowahi kurudishwa huku FOREIGN_KEY_CHECKS ikiwa 0 iliacha oda zenye mteja asiyekuwepo, na MySQL haikurudi kuzikagua. PostgreSQL inakagua zote. Watafute kabla:

```
SELECT o.id FROM oda o
LEFT JOIN wateja w ON w.id = o.mteja_id
WHERE o.mteja_id IS NOT NULL AND w.id IS NULL;
```

Na ukiona "sorry, too many clients already" wakati wa kujenga indeksi, ni pgloader yenyewe: hufungua muunganisho kwa kila indeksi ya jedwali, na PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu 100 tu. Weka `max parallel create index = 2`.

Maelezo ya kweli hayako kwenye skrini. Yako kwenye `/tmp/pgloader/pgloader.log`, na rekodi zilizokataliwa zimo kwenye folda yenye jina la hifadhidata, mafaili ya `.dat` kwa rekodi na `.log` kwa sababu. Kwa uhamisho wa hifadhidata, pgloader husimama kwenye kosa la kwanza. Ukitaka iendelee na kukusanya makosa yote kwa mpigo mmoja, ongeza `on error resume next`. Kwa zoezi la kwanza tunaipendekeza. Kwa uhamisho wenyewe, hapana.

Baada ya kumaliza

Muhtasari wa mwisho unaonyesha kila jedwali, makosa, rekodi na muda. Ni mzuri, lakini linganisha mwenyewe. Tumia `COUNT(*)` pande zote mbili. Usichukue idadi inayoonyeshwa na phpMyAdmin yenye alama ya `~`, kwani kwa InnoDB hayo ni makadirio. Linganisha pia jumla ya safu za fedha, na tarehe ya kwanza na ya mwisho. Kisha sikwensi: `max(id)` isizidi `last_value`, la sivyo INSERT ya kwanza itakuletea "duplicate key". Maliza kwa `ANALYZE;`, bila hiyo maswali ya siku ya kwanza yatakuwa mazito bila sababu ya maana.

Yasiyohama ni haya: mionekano, taratibu zilizohifadhiwa, na trigga, isipokuwa ile ya ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP ambayo pgloader huiunda upya. Vilivyobaki unaandika kwa mkono. Hilo si kosa la pgloader. Lugha zenyewe ni mbili tofauti.

Linalosahaulika ni ulinganishi wa herufi. Kwenye MySQL ya kawaida, `Asha@…` na `asha@…` ni barua pepe moja. Kwenye PostgreSQL ni mbili. Watu watashindwa kuingia kwenye akaunti zao asubuhi ya kwanza, na wengine watajisajili upya. Tumia `citext`, aina ya maandishi isiyojali herufi kubwa na ndogo, kwa safu hizo, au indeksi ya kipekee juu ya `lower(barua_pepe)`. Ndani ya msimbo, IFNULL inakuwa COALESCE, `LIMIT 5, 10` inakuwa `LIMIT 10 OFFSET 5`, ON DUPLICATE KEY UPDATE inakuwa ON CONFLICT, na LIKE ya kutafuta majina inakuwa ILIKE.

Nani asiitumie? Mwenye mfumo usioweza kuzimwa hata saa moja. pgloader hupiga picha ya wakati mmoja. Haifuatilii mabadiliko yanayoendelea. Hapo angalia AWS DMS au Debezium, ambavyo hunakili mabadiliko yanapotokea, ukijua kwamba DMS haitakujengea indeksi za ziada, na wapo wanaoitumia pgloader kuunda muundo kwanza kisha DMS kumwaga data. Mwenye majedwali matano hahitaji hata pgloader. CSV na `\copy` vinatosha. Ile njia ya zamani ya `mysqldump --compatible=postgresql` isahau, MySQL 8.0 iliiondoa.

Siku yenyewe, weka tovuti kwenye matengenezo, `SET GLOBAL super_read_only = ON;` upande wa MySQL ili hata msimamizi asiandike kwa bahati mbaya, endesha faili lile lile ulilofanyia mazoezi bila kubadilisha neno, linganisha hesabu, ndipo ugeuze anwani ya programu. MySQL ibaki ikisomeka kwa wiki kadhaa, kwani pgloader haina njia ya kurudi. Ukimaliza, mfute mtumiaji `hamisha` pande zote mbili, rudisha pg_hba.conf na `mysql_native_password` zilivyokuwa, na ufute `/tmp/pgloader`: zile `.dat` ni rekodi za wateja, zimelala wazi kwenye folda ya muda ya seva.